Mafunzo ya ndoa kwa Waarabu wa Marekani: mwongozo kamili kwa anayetaka kuyaendesha

Katika nyumba nyingi za Wapalestina na Wajordani, wazee wanaokwenda kuposa huletewa kahawa. Msemaji wao hupokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja, mpaka mwenyeji atamke kwamba ombi lao limekubaliwa. Hapo ndipo kahawa hunywewa. Ujumbe huo wa wazee huitwa jaha. Sisi tungewaita washenga.

Nimeanza na kikombe hicho kwa sababu ndicho kinachokosekana katika mitaala mingi ya mafunzo ya ndoa inayotumika Marekani. Mitaala hiyo huchukulia kwamba watu wawili wamekutana, wamependana, wameamua, na sasa wanahitaji kufundishwa namna ya kuzungumza. Wachumba wa Kiarabu wanapoketi mbele yako, ndoa yao imeshajadiliwa na wazazi, wajomba, mashangazi na pengine mzee wa kijiji aliye Yemen au Lebanoni, na wengine kati yao bado wanapiga simu kila jioni. Ukiwafundisha kana kwamba wako wawili tu duniani, watakusikiliza kwa adabu, na wiki ijayo hawatarudi.

Ninawaandikia Waswahili wanaofanya kazi kwenye ofisi za kupokea wakimbizi, misikitini, makanisani na kwenye vituo vya jamii huko Marekani. Wengi wetu, hasa waliotoka Kongo, tunaishi mitaa ileile na Wairaki na Wasyria, tunaswali nao, watoto wetu wanasoma pamoja. Lugha yetu nayo inatupa mlango: aibu, mahari, talaka, nikahi na nasaha ni maneno tuliyoyapata kwao. Lakini neno moja linaweza kukaa katika nyumba mbili tofauti. Mswahili anaposema aibu na Myemeni anaposema ʿayb, uzito haulingani daima, kwa hiyo uliza kabla hujadhani umeelewa.

Hatua ya 1: Jua ni Waarabu gani

Hakuna darasa la "Waarabu" kwa jumla. Waliotangulia Marekani, tangu miaka ya 1880 na kuendelea, wengi walikuwa Wakristo kutoka Mlima Lebanoni na Syria, wakati nchi hizo zikiwa chini ya Waturuki: Wamaroni, Waothodoksi, Wamelkiti. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ikaubana mlango, ile ya 1965 ikaufungua tena, na Waislamu wakaongezeka. Vita vya Lebanoni vya 1975 hadi 1990 vikaleta familia za kusini, wengi kutoka Bint Jbeil na vijiji vya jirani, wakatua Dearborn, Michigan, mji wa kiwanda kikubwa cha Ford. Wayemeni walikuja kufanya kazi za viwandani hapohapo na mashambani California. Wairaki waliongezeka baada ya 1991, Wasyria baada ya 2011. Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, wako wengi New Jersey.

Kwa hiyo darasani unaweza kuwa na mjukuu wa mchuuzi aliyefika zaidi ya miaka 100 iliyopita, asiyejua Kiarabu isipokuwa majina ya vyakula, ameketi karibu na binti aliyetua uwanja wa ndege mwezi uliopita kutoka Ibb, Yemen. Na unaweza kuwa na Mkaldayo ambaye asili yake ni Tel Kaif, Iraki, wa Kanisa Katoliki, ambaye ukimwita Mwarabu atakusahihisha: lugha ya bibi yake ni Kiaramu. Usiweke jina kwenye tangazo kabla hujamuuliza kila mtu anajiitaje.

Serikali yenyewe ilichelewa hapa. Kwa miongo mingi, watu hawa walihesabiwa kwenye sensa kuwa ni weupe, na ni Machi 2024 tu ndipo ofisi ya bajeti ya Ikulu ilipotangaza kundi la pekee la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Aliyekulia kwenye fomu zisizomtambua hana haraka ya kujaza fomu yako. Ongeza hofu iliyoingia majumbani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, hofu ya kuchunguzwa na kuandikwa majina, utaelewa kwa nini swali la hali ya uhamiaji halina nafasi kwenye karatasi ya kujiandikisha. Litoe kabisa.

Hatua ya 2: Kaa na watu kabla ya kuandika somo hata moja

Tenga wiki nne hivi. Kutana na imamu na padri, kila mmoja peke yake. Kutana na akina mama waliopita miaka 50, kwa sababu wao ndio mahakama ya kwanza ya ndoa nyingi. Kutana na vijana walioachana ndani ya mwaka mmoja, ukiwapata walio radhi kusema. Waulize wote maswali matatu tu: ndoa nzuri ya hapa mtaani ni ipi na mnaijuaje, ndoa zinazovunjika huanza kuvunjikia wapi, mtu akikwama leo anamwendea nani kwanza?

Jibu la swali la tatu ndilo litakalokujengea programu. Mara nyingi mtu wa kwanza ni mama, au mjomba, au mke wa imamu, na mshauri wa ofisini huja mwishoni, maji yakiwa yameshafika shingoni. Basi wanaoendewa kwanza wape mafunzo pia. Kikao kimoja cha mama wakwe, chenye chai na maʿmul, vile vibiskuti vyao vya tende, kinaweza kuokoa ndoa nyingi kuliko vikao sita vya maharusi.

Jina la programu lina uzito wake. Ukisema tiba ya nafsi, watu watasikia wazimu. Ukisema irshad usari, yaani mwongozo wa familia, watasikia nasaha, na nasaha haimwaibishi mtu. Tumia Kiarabu cha nyumbani kwao. Kiarabu fasaha cha vitabuni husikika kama taarifa ya habari, na hakuna anayegombana na mkewe kwa lugha ya taarifa ya habari.

Hatua ya 3: Watu, mahali na saa

Waendeshaji wawe wawili, mwanamume na mwanamke, na mmoja wao awe mtu wa jamii hiyo. Usimfanye huyo kuwa mkalimani wako. Mpe nusu ya masomo ayaendeshe mwenyewe.

Waite watu wanavyoitwa. Mwenye mtoto mara nyingi huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Abu fulani na Umm fulani. Mzee aliyehiji ni Hajj, bibi ni Hajja. Mwanamke wa Kiarabu kwa desturi habadilishi jina la ukoo akiolewa, kwa hiyo usimwandike kwa jina la mumewe.

Ramadhani usipange kikao kinachogusa magharibi. Wakopti husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari na hufunga siku nyingi za mwaka bila nyama wala maziwa. Chakula chako kiwe na maharage ya ful na saladi. Weka mlezi wa watoto. Kuhusu kukaa mchanganyiko au kutengana, waache waamue wao kikao cha kwanza.

Halafu kuna siri. Watu wa mtaa mmoja wanaogopa kalam an-nas, maneno ya watu, kuliko wanavyoogopa talaka yenyewe. Usifanyie darasa mahali ambapo gari la mtu likiegeshwa majirani watajua limefuata nini. Maktaba ya mtaa au chumba cha kituo kinachofundisha pia Kiingereza hufaa sana. Hakuna picha. Na mifano isitoke kwa familia za mji huohuo, hata ukibadilisha majina, kwa sababu watajuana tu.

Hatua ya 4: Sheria, mapema kabisa

Hili naliweka kabla ya mazungumzo ya mapenzi kwa makusudi. Nikahi inaweza kufungwa sebuleni kwa dakika 20, na binti akadhani ameolewa kwa pande zote mbili, dini na serikali. Michigan, leseni ya ndoa huchukuliwa kwa karani wa kaunti, na jimbo hilo halitambui ndoa ya kuishi pamoja tu iliyoanza baada ya 1 Januari 1957. Ndoa ikivunjika bila leseni, mke anaweza kujikuta mahakamani kama mtu asiyewahi kuolewa. Kila jozi ikuonyeshe leseni yake, au ikueleze itaichukua lini.

Umri wa kuoa na kuolewa Michigan ni miaka 18 bila ruhusa ya pembeni, tangu sheria ya 2023. Ndoa ya mtoto wa ami, ambayo katika koo nyingi za Kiarabu ni heshima, hairuhusiwi Michigan wala Texas, ingawa California, New York na New Jersey zinairuhusu. Sema hivyo bila kukunja uso. Wanaoruhusiwa na wanaotaka kuendelea, waelekeze kwenye vipimo vya damu, hasa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea katika nchi za Mediterania.

Mahari nayo ina pande mbili kwao: ya kutangulia, muqaddam, na ya kuchelewa, muʾakhkhar, ambayo hudaiwa ndoa ikivunjika au mume akifariki. Mahakama za Marekani hazikubaliani kuhusu hiyo ya pili. Mwaka 2002 jaji wa New Jersey aliamuru mume alipe dola 10,000 zilizoandikwa kwenye mkataba wa nikahi, akiuchukulia kama mkataba mwingine wowote. Mwaka 1988 mahakama ya California ilikuwa imekataa dai la namna hiyo kwa hoja kwamba linamvutia mke aachike. Usijifanye wakili. Mwalike wakili wa familia kwa saa moja, ajibu maswali.

Kwa aliyeletwa kutoka nje, ratiba ya uhamiaji huisukuma ndoa. Mwenye viza ya mchumba ana siku 90 tu za kufunga ndoa baada ya kuingia nchini. Ambaye ndoa yake haijatimiza miaka 2 anapopewa ukaazi hupata kadi ya miaka 2 yenye masharti, na kwa kawaida wote wawili hutia saini kuyaondoa. Mke anayepigwa anaweza kuomba peke yake, bila saini ya mume. Sentensi hiyo iseme mbele ya wote, wanawake na wanaume, kama sehemu ya kawaida ya somo.

Kuna faida pia. Texas, wachumba waliohudhuria angalau saa 8 za mafunzo yanayotambuliwa husamehewa ada ya serikali na kungoja saa 72. Minnesota, saa 12 hupunguza ada ya leseni. Angalia masharti ya jimbo lako. Vikao sita vya saa mbili vinakupa saa 12.

Hatua ya 5: Masomo yenyewe

Wakati mzuri wa kuwapata ni kati ya katb al-kitab na sherehe ya harusi. Mkataba wa dini umeshaandikwa, wanaruhusiwa kuzungumza kwa uhuru, lakini bado kila mmoja yuko kwao. Kwa familia nyingi kipindi hiki ni cha miezi, wakati mwingine mwaka mzima, na kwa kawaida kinaliwa na kumbi, nguo na orodha ya wageni. Kiombe kwa wazazi.

Somo la kwanza ni familia, na ndilo nilipendalo kuliko yote. Wape karatasi kubwa. Wachore duara katikati lenye majina yao mawili, na kulizunguka wachore kila mtu mwenye neno katika maisha yao. Kisha taja mambo kumi: mtaa wa kuishi, jina la mtoto wa kwanza, pesa za kutuma nyumbani, mke kuendelea na chuo, mama mkwe kuhamia, Idi au Pasaka kuliwa wapi, na kadhalika. Kwa kila jambo waandike nani anaamua, nani anashauri, nani anaarifiwa tu. Mume na mke wajaze kila mmoja karatasi yake, halafu waziweke pamoja. Kimya kitakachofuata usikikatize.

Hapo usiseme kwamba wazazi waondolewe. Wengi hawataki hivyo, na msaada wa wazazi katika nchi ya ugeni ni mali kubwa. Unachofundisha ni kumhamisha mtu kutoka safu moja kwenda nyingine bila kumvunjia heshima. Kanuni yangu: kila mmoja anazungumza na wazazi wake mwenyewe. Mume asimtume mkewe kumwambia mama yake hapana. Wafanye mazoezi ya maneno yenyewe, kwa mfano: "Mama, nasaha yako nimeipokea. Nitakaa na mwenzangu tuitazame, kisha jibu nitakuletea mimi mwenyewe." Warudie kwa Kiarabu chao mpaka sauti isitetemeke.

Somo la pili ni kugombana. Mbinu inayofundishwa sana Marekani ni kwamba mmoja anasema, mwenzake anarudia alichosikia, kisha wanabadilishana. Ni mbinu nzuri, lakini ikiletwa mikono mitupu huonekana kama mchezo wa ofisini. Waarabu wanalo jambo lao linaloitwa ʿitab: lawama ya wapendanao, inayosemwa kwa sababu uhusiano una thamani. Wana msemo kwamba ʿitab ni kwa kadiri ya mapenzi. Asiyekujali hakulaumu. Anzia hapo. Waulize: bibi yako alikuwa akimlaumu babu yako vipi, saa ngapi, mbele ya nani? Kisha waiwekee ʿitab mipaka minne wenyewe: jambo moja kwa wakati mmoja, bila shahidi, msikilizaji arudie kabla ya kujitetea, na likishasemwa likazikwe lisifufuliwe mwezi ujao. Kurudia kwa msikilizaji sasa kumepata nyumba ya kukaa.

Hasira ikipanda, Waislamu wanayo hadithi inayomwelekeza aliyesimama akae, na ikimzidi alale. Ni mapumziko yaleyale ambayo washauri hufundisha, na kijana ataifuata ya Mtume kabla ya yako.

Na wakishindwa wawili? Kurani, sura ya 4 aya ya 35, inaelekeza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Injili ya Mathayo sura ya 18 inaelekeza uende kwanza peke yako, kisha na mmoja au wawili. Waache maharusi wawachague waamuzi wao sasa, wakiwa bado wanapendana, na majina waandike chini. Sharti moja: aliyechaguliwa awe mtu anayejua kunyamaza. Ukiona wanahangaika kumpata mtu wa namna hiyo katika ukoo mzima, umejifunza jambo kuwahusu.

Somo la tatu ni pesa. Kidini mume wa Kiislamu analisha, na mali na dhahabu ya mke ni yake. Kimaisha, kodi ya nyumba ya Dearborn mara nyingi inahitaji mishahara miwili. Kati ya kanuni hizo mbili ndipo ugomvi unapozaliwa: je, mshahara wake ni wake au ni wa nyumba? Na sheria ya jimbo huja na la tatu: California na Texas, kilichochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni cha wote wawili. Usiwaamulie. Waandike bajeti ya mwezi mmoja wa kweli, pamoja na fedha zinazotumwa kwa ndugu, deni la harusi, na msimamo wao kuhusu mkopo wa nyumba wenye riba. Walio wengi hawajawahi kuambiana mshahara.

Somo la nne ni mwendo wa uhamiaji. Mume aliyezaliwa Marekani akaoa kutoka nchi ya wazazi wake mara nyingi alitafuta mwanamke wa zamani. Mke aliyekubali kuolewa Marekani mara nyingi alitafuta maisha mapya. Wanapishana mlangoni. Mpe mke gari, masomo ya Kiingereza na akaunti ya benki ndani ya miezi ya mwanzo. Haya ni mambo ya ndoa kama yalivyo mapenzi. Mpe mume nafasi ya kusema mzigo wa kuwa dereva, mkalimani na karani wa mtu mzima mwenzake.

La tano, malezi na dini, hupita haraka kwa walio wa dini moja. Kwa Mkristo na Mwislamu, lipe vikao viwili, na uliza wazi: ubatizo au akika, mazishi wapi, urithi vipi. Lebanoni haifungi ndoa za kiraia ndani ya nchi, na wachumba wa dini mbili huvuka bahari kwenda Kupro. Marekani mlango uko wazi zaidi lakini maswali ni yaleyale.

La sita ni unyumba. Tenganisha wanawake na wanaume, na wape masanduku ya maswali yasiyo na majina. Msomaji wa pwani anajua kazi ya somo na kungwi. Mtafute mkunga au daktari wa kike wa Kiarabu afanye kazi hiyo, kwa lugha safi na picha za kitabibu.

Hatua ya 6: Pale ambapo mafunzo hayafai

Mtu akipigwa, akifungiwa, akinyang'anywa pasipoti au akitishwa kurudishwa kwao, usimpeleke kwa waamuzi wawili, wala usiwaketishe pamoja. Suluhu inahitaji watu wawili wenye uwezo wa kusema hapana. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, zungumza na kila mmoja peke yake kwa dakika 15, na utafute mkalimani asiye ndugu. Namba ya taifa ya msaada wa unyanyasaji wa nyumbani, 1-800-799-7233, iwekwe chooni, upande wa wanawake na wa wanaume, kwenye karatasi ndogo inayokunjika.

Utaambiwa ndio utamaduni wetu. Jibu kwa watu wao wenyewe: maimamu na makasisi wa Kiarabu wanaolikemea hili wapo, na Waislamu wa Marekani wanalo shirika la Peaceful Families Project, lililoanza mwaka 2000 kwa kazi hii hasa. Mlete msemaji anayeswali nao. Neno lake litafika mahali ambapo lako halifiki.

Hatua ya 7: Rudi baada ya miezi mitatu

Dodoso la mwisho wa kozi litajazwa sifa, kwa sababu mgeni hamkosoi mwenyeji. Panga badala yake kuwatembelea, au uwaalike chakula cha jioni wote pamoja. Uliza mambo yanayoonekana: ile karatasi ya duara iko wapi sasa? Waamuzi wameshaitwa? Nani alimpigia mama simu mara ya mwisho mlipokataa jambo, na alisemaje? Mke anaendesha gari? Wanapokuletea kahawa, inywe polepole. Mara nyingi jambo lenyewe husemwa wakati unavaa viatu mlangoni, basi usitoke kwa haraka.